Mbuzi wa Babu Jura Hatundikwi Ukutani

Nyumba ya akina Byrtus,
Koszarzyska,
kupitia Bystrzyca, Zaolzie.

21 Agosti 2018

Mpendwa Bibi Helena,

Shikamoo Bibi. U hali gani, na nyonga yako je? Baba alituambia kwamba sasa unatembea bila fimbo mpaka kwa yule jirani yako anayefuga kuku weusi, nasi tukafurahi sana. Najua huko Curitiba, Brazili, sasa ni majira ya baridi, ingawa Baba husema baridi ya huko mtu wa milima yetu huivulia koti. Jifunike hata hivyo.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anaumwa jino lakini hataki kusikia habari ya daktari. Baba bado yuko zamu ya asubuhi kiwandani Trzyniec, anarudi ananuka chuma na kulala kabla ya kumaliza supu. Nyasi za mkato wa pili tumeshazianika na kuziingiza ghalani, mvua ikaja siku iliyofuata, kama vile ilikuwa imesimama nje ikitusubiri tumalize.

Samahani kwa kukuandikia badala ya kupiga. Kwenye simu mimi hunyamaza, unanijua. Mara ya mwisho ulidhani laini imekatika ukaanza kugombana na kampuni ya simu, kumbe ni mimi nilikuwepo tu, nasikiliza. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, kwa hiyo nitasema yote.

Naanza na lililo zito. Najua Baba Mkubwa Karol amekupigia kuhusu gajdi za Babu Jura, zile filimbi zake za mfuko wa ngozi ya mbuzi. Amekuomba kauli yako, kwa kuwa Babu ameondoka na wewe dada yake ndiye mkubwa wa ukoo. Amekueleza kwamba mwenye hoteli mpya kule juu, penye mteremko wa kutelezea theluji, anazitaka azitundike ukutani juu ya meko, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la Babu. Na amekuambia kuwa hakuna aliyebaki wa kuzipiga.

Hilo la mwisho si kweli, Bibi. Mimi nazipiga.

Alipolitangaza jambo hilo tulikuwa mezani, Jumapili, baada ya ibada. Alisema, “Bogdan wangu ana magongo yake ya hoki ya barafu, mkono wake umezoea kupiga watu, si muziki. Na wewe Zuzka ni msichana. Mkiziacha darini zitaliwa na nondo. Kule hotelini watu watazipiga picha.” Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la viazi mbele ya kifua changu kama ngao. Baba akanitazama, akaitazama sahani yake. Nami sikusema. Hiyo ndiyo tabia yangu, na siku hiyo niliichukia.

Huenda hukuambiwa nilivyojifunza. Babu alipoumia bega hakuweza tena kuibana mivukuto. Basi akanikalisha ubavuni kwake kule zizini, mivukuto akanifunga mimi, yeye akabaki na filimbi. “Wewe kwapa, mimi vidole,” akasema. Tukapiga hivyo majira mazima ya baridi, watu wawili na ngozi ya mbuzi mmoja, na ng'ombe hawakulalamika. Baadaye akaanza kunitoroka. Siku moja kidole kimoja anakiondoa, kesho viwili, anaweka vyangu. Mwisho mikono yake ilikuwa mapajani na yangu ikafanya kazi yote, naye akaniuliza, “Sasa mimi ni nani hapa?” Nikamwambia, “Msikilizaji.” Akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona.

Jambo moja alinisisitizia, nawe unalijua tangu kwenu: mpigaji haanzi. Anayetaka kucheza ndiye anayekuja kusimama mbele ya muziki, anauimba wimbo anaoutaka, na mpigaji anaupokea. Babu alisema mpigaji anayeanza mwenyewe ni kama mgeni anayejipakulia. Tena akaniambia, huku akitazama mlango, kwamba wewe ndiye mwanamke wa kwanza aliyemwona akisimama mbele ya muziki kijijini hapa, tena siku ya harusi yako, na kwamba baba yenu hakugusa nyama siku hiyo kwa hasira. Alisema uliimba ukiwa umeshika kiuno.

Babu alipofariki mwezi Februari, nilimfuata Baba Mkubwa pale uani nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba naweza kumpigia kaburini. Akanigusa bega. Akasema, “Mwanangu, mchungaji atashtuka.” Mchungaji hakuulizwa. Babu akateremshwa kwa sauti ya majembe tu.

Sasa nije kwenye safari ya Krakow, maana najua habari zimekufikia, na zimekufikia zikiwa zimepinda.

Tulikwenda watatu, mashanta mgongoni: mimi, Danka Cieślar anayepiga fidla, na Krystek Niedoba anayepiga domo. Ruhusa niliomba ya kutembea mji na kuona makanisa na ngome ya wafalme. Hilo lilikuwa kweli. Nilichokificha ni kwamba blanketi la kulalia nililiacha chini ya kitanda changu, na mahali pake ndani ya shanta nikaziweka gajdi, filimbi zimefungwa kwenye soksi za Baba.

Mama aliliinua lile shanta pale mlangoni. Akalipima uzito, akalinusa, akaniangalia. Kisha akaingia jikoni akatoka na kopo la mafuta ya nguruwe. “Ya kupaka mkate,” akasema. Mkate hakunipa. Bibi, nilivuka daraja la mto Olza nikiwa na kopo lile mfukoni na macho yamejaa maji. Kila mpiga gajdi anajua mafuta yale hupakwa ngozi ya mfuko, si mkate.

Ndani ya basi joto lilikuwa la kupasua kichwa, na ngozi ikaanza kukumbuka kwamba iliwahi kuwa mbuzi. Mama mmoja mbele yetu akageuka. “Nani amebeba jibini humu?” Krystek akainua mkono bila aibu. “Ni miguu yangu, mama. Nimezaliwa nayo.” Mama yule akafungua dirisha, na mpaka tunafika hakugeuka tena.

Krakow ilitupokea kwa jua na mawe. Tulilala kwenye ukumbi wa parokia moja ya Kilutheri, kwenye sakafu, na mchana tukatembea mpaka mikanda ya mashanta ikatuchora mabegani. Danka alitaka kuona kila kaburi la mfalme. Krystek alitaka kula pierogi kila penye meza. Mimi nilitaka tu kuona uwanja mkuu wa soko, na nilipouona nikataka kurudi nyumbani, kwa jinsi ulivyo mpana na watu wengi.

Kwenye mkahawa mmoja mhudumu alitusikiliza tukiagiza, akatabasamu. “Jamani, Wacheki hawa wanasema Kipolandi vizuri.” Danka akaweka kijiko chini. Unajua tunavyoishi: asubuhi somo la historia kwa lugha moja, jioni karatasi za serikali kwa lugha nyingine. Praha, kwenye serikali yetu, wanatuita Wapolandi, na tukivuka mto kuingia Polandi tunakuwa Wacheki. Siku zote mimi hujibu kwa kutazama viatu vyangu. Safari hii nikamwambia, “Sisi ni wa Koszarzyska.” Akauliza ni wapi huko. Nikamwambia, “Huko ambako sisi tunatoka.” Krystek alicheka mpaka supu ikampanda puani. Sijui ilitoka wapi jeuri ile, lakini niliipenda ladha yake.

Basi mchana uliofuata tukasimama uwanjani, karibu na kanisa kubwa lenye minara miwili isiyolingana. Nikafunga mivukuto kwapani, nikajaza ngozi hewa. Danka akaweka fidla begani. Na tukasubiri.

Bibi, tulisubiri mtu aje kuimba mbele yetu. Ninaapa hatukuwaza lingine. Ndivyo tulivyolelewa, na Babu angefanya vivyo hivyo. Watu wakapita na mikate yao ya pete, wengine wakasimama kidogo, wakatutazama toka kichwani mpaka viatuni, wakaenda. Mtoto mmoja akamvuta mama yake. “Mama, hawa ni wa kweli?” Mama yake akasema, “Ni sanamu, mpe sarafu uone kama watacheza.” Mtoto akaweka sarafu kwenye kofia ya Krystek, aliyokuwa ameivua kwa joto akaiweka chini. Sisi tukaendelea kusimama, maana hakuwa ameimba.

Punde akatujia jamaa mmoja aliyejipaka rangi ya fedha mwili mzima, hata masikio. Yule kazi yake ndiyo hiyo, kusimama kama sanamu. Alikuwa amekasirika.

“Wadogo zangu, kona hii ni yangu.”

Krystek akamwamkia vizuri. “Samahani kaka. Hatukujua.”

“Tena hata kusimama hamjui. Huyu wa fidla anahema kama farasi. Na huyu mwenye mfuko anapepesa macho. Mnatuharibia kazi.”

“Sisi si sanamu,” nikasema.

“Sasa ni nini?”

“Wapiga muziki.”

Akatutazama tena, mmoja mmoja. “Mbona hampigi?”

“Tunasubiri mtu aimbe.”

Mtu wa fedha akacheka, na rangi ikapasuka mashavuni kote. Akamwita mwenzake wa rangi ya dhahabu aje asikie. Nilitamani ardhi ifunguke initie ndani pamoja na mbuzi wangu. Danka akanong'ona, “Zuzka, tuondoke.” Tukamgeukia Krystek aimbe yeye, kwa kuwa ndiye mwanamume. Akasema, “Nikiimba mimi, polisi watakuja na mbwa.”

Saa ikalia juu mnarani. Dirisha likafunguka, yule mpiga tarumbeta wa mji akatoa mdomo wa tarumbeta yake nje, akapiga, na kama kawaida yake akakata katikati. Watu wote chini wakampungia mkono. Krystek akamtazama, kisha akanitazama mimi, na safari hii hakuwa anatania.

“Yule kule juu, nani alimwimbia?”

Nilifikiria bakuli la viazi. Nilifikiria kile kibao cha shaba na wageni wenye viatu vya kutelezea wakila nyama chini ya ngozi ya Babu, na mimi siku hiyo nikiwa nani, mhudumu labda, nimeshika bakuli jingine. Nikasema moyoni, kama hakuna wa kusimama mbele ya muziki, basi muziki utasimama mbele yake wenyewe. Nikasogea hatua, nikageuka kuwatazama wenzangu kama afanyavyo mchezaji kwetu. Sikushika kiuno, Bibi, maana mikono ilikuwa na kazi. Nikaimba. Maneno yalinijia pale pale:

Mnaonipangia njia,
njia ni miguu yangu;
mbuzi alikufa kale,
bado analia kwangu.

Sauti ilianza chini, kisha ikapata mlima wake. Danka akaipokea kabla sijamaliza, nikabana kwapa, na gajdi zikalia. Zililia kwa nguvu hata njiwa wakahama upande ule wa uwanja. Mtu wa fedha alirudi nyuma. Sikujua kamwe kwamba zina sauti kubwa kiasi hicho, maana zizini kuna nyasi zinazoinywa.

Tulipiga ule, na mwingine, na mwingine, kila mara nikiuimba mwenyewe kwanza. Kisha watu wakasogea pembeni, na akaja mwanamke wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya kazi ya hospitali, mkate wa pete umeliwa nusu mkononi. Akampa Krystek mkate amshikie. Akaja akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akaimba wimbo wa kwetu, ule wa mchunga kondoo aliyesahau njia ya kurudi. Mbele yangu, Bibi. Kama watu wanavyosimama mbele ya mpigaji. Nikampokea, naye akacheza peke yake na viatu vyake vyeupe, mtu wa fedha akimpigia makofi.

Alipomaliza akauliza, “Mimi natoka Istebna, ng'ambo ya mlima wenu. Hizi gajdi nazijua. Za nani?”

“Za Jura Byrtus wa Koszarzyska. Ni babu yangu.”

“Jura yu hai?”

“Tulimzika Februari.”

“Alipigiwa na nani?”

Nikamwambia hakupigiwa na mtu. Akauchukua mkate wake kwa Krystek, akautazama, akaufunga kwenye karatasi. Akasema, “Basi mpigie sasa. Mimi nitasimama hapa.”

Nikampigia, ule wa kusindikiza maiti, polepole, pale uwanjani Krakow, kwenye jua. Mwanamke yule alisimama wima mikono imeshikana, na Krystek akaiokota kofia yake akaishika kifuani, sarafu zikamwagika zikabingirika, na hakuna aliyeinama kuziokota mpaka nilipomaliza. Ndiyo mazishi ya Babu niliyoyahudhuria mimi. Yale mengine nilikuwa nimesimama tu.

Kuna mtu alituchukua video. Kabla basi letu halijafika mpakani Bogdan alinitumia ujumbe: “Zuzka, baba yangu ameona. Geuza, kimbilia Warsaw.”

Sikukimbia. Nilimkuta Baba Mkubwa jikoni kwetu, kofia iko juu ya meza, jambo ambalo Mama kwa kawaida hamruhusu mtu.

“Uliomba ruhusa kwa nani?” akaniuliza.

“Kwa aliyenifundisha.”

“Amekufa huyo.”

“Ndiyo maana hakukataa.”

Baba akakohoa. Mama akageukia jiko, mabega yakimcheza. Baba Mkubwa akapandisha sauti: nimesimama barabarani kama ombaomba, na ngozi ya baba yake, nikiimba mwenyewe na kujipokea mwenyewe, jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Mwenye hoteli anakuja Jumapili ya mavuno. Yeye Baba Mkubwa amekwishampa neno.

“Neno lako,” nikasema. “Langu hukuniuliza.”

“Zilete hapa.”

Nikazileta. Nilizitoa kwenye shanta, nikakaa kwenye kigoda cha Babu, nikafunga mivukuto kwapani, nikazijaza hewa. Nikamwambia, “Baba Mkubwa, wewe ni mtoto wa Jura, unajua taratibu kuliko mimi. Ukizitaka, simama mbele yangu uimbe.”

Anazijua nyimbo zote, Bibi. Amezaliwa nazo. Mdomo wake ulifunguka. Tulisubiri wote, hata Mama aliacha mwiko. Sijui kama alishindwa kwa hasira au kwa kuogopa kwamba akianza atalia mbele yetu. Alichukua kofia yake. Mlangoni akasema, “Tutasikia Shangazi Helena atasemaje,” akaenda.

Kwa hiyo nakuandikia kabla hujasema. Nakuheshimu, Bibi, na hakuna mtu duniani ambaye neno lake lina uzito kwangu kama lako. Lakini sitaki nikudanganye kwa adabu. Ukimwambia Baba Mkubwa ndiyo, nitaipokea barua yako, nitaibusu, na gajdi sitazitoa. Jumapili ya mavuno mwenye hoteli atanikuta nje ya kanisa nikiwa nazo kwapani. Akitaka za ukutani, achinje mbuzi wake.

Ila nina ombi. Mimi nimejiimbia mwenyewe mara moja kwa sababu hakukuwa na mtu, na sitaki niwe mgeni wa kujipakulia maisha yangu yote. Siku utakayopiga simu, usianze na salamu wala hali ya hewa. Nitawaambia wote nyumbani wasiipokee, nitaipokea mimi. Imba ule wa harusi yako, uliomfanya baba yenu asusie nyama. Ukisikia kimya upande huu, usidhani laini imekatika tena. Nitakuwa ninajaza hewa.

Nisalimie Shangazi Iracema na Otávio, mwambie stempu zake nimempatia, za zamani za reli. Msalimie na Dona Lurdes wa kuku weusi. Baba na Mama wanakusalimu, Danka na Krystek pia ingawa hawakujui. Bogdan anakusalimu kwa siri.

Mungu aitunze nyonga yako, na mvua za huko, na sauti yako. Hasa sauti.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye, mpiga gajdi wa Koszarzyska,

Zuzka